Picha ya Roketi Ilipoharibika: Kutafuta Chanzo Kupitia Dalili

Roketi hairudii kuruka kwa ajili ya mpigapicha. Kuanzia injini zinapowaka hadi chombo kinapogeuka kuwa nukta angani hupita dakika mbili au tatu tu, na lililoharibika ndani ya muda huo limeharibika. Hata hivyo, mtu akikaa na picha zake mbovu na kuzichunguza kwa utulivu, hugundua kwamba mara nyingi kosa halikufanyika katika dakika hizo hata kidogo. Lilifanyika saa moja kabla, pete ya fokasi, yaani ya kulenga ukali wa picha, ilipoguswa bila kukusudia, au siku moja kabla, ratiba iliposomwa kwa haraka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile kilichokupata au kinachoonekana kwenye picha, kisha unarudi nyuma hadi penye chanzo.

Ombi moja kabla ya kuendelea: usifute picha mbovu. Faili la picha huhifadhi saa iliyopigwa, tundu la lenzi (huandikwa f/8, f/16 na kadhalika; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga), na taarifa hizo ndizo ushahidi wako. Zifungue picha kwenye kompyuta, uzikuze hadi asilimia 100 na uzipange kwa mfuatano wa wakati, kwa maana tatizo lisilosomeka kwenye picha moja huwa wazi ukitazama kumi zilizofuatana.

## Roketi haikuruka, au iliruka ukiwa bado unafungua mfuko

Anza na saa. Ratiba nyingi za urushaji hutangazwa kwa saa za dunia, UTC, na tarehe ya UTC inaweza kutofautiana na tarehe ya mahali roketi inaporukia. Roketi iliyopangwa kuruka Florida saa 02:30 UTC tarehe 11 Januari, kwa watu waliosimama ufukweni huko itaruka tarehe 10 Januari, saa tatu na nusu usiku. Msomaji wa Kiswahili ana mtego wa ziada, kwa kuwa saa hiyo ikishabadilishwa kuwa ya huko itaandikwa 21:30, naye akiwa na haraka anaweza kukosea mara mbili kwa mpigo: katika kubadili UTC, na tena katika kubadili hesabu ya saa. Andika kwenye karatasi saa ya mahali pa tukio kwa mtindo mmoja tu, pamoja na siku ya juma.

Pili, chunguza kama uliielewa hesabu ya kurudi nyuma. Saa ya hesabu hiyo haiendi sambamba na saa ya mkononi wakati wote, kwani ina vituo vilivyopangwa. Hesabu ya roketi ya Atlas V, kwa mfano, husimama kwa makusudi zikiwa zimebaki dakika 4. Anayewasha kamera kwa kufuata namba hizo bila kujua kituo kiko wapi hujikuta amemaliza betri na subira kabla injini hazijawaka.

Tatu ni safari za kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga. Dunia inazunguka, na eneo la kurushia hupita chini ya njia ya kituo hicho kwa muda mfupi sana, hivyo roketi ya Falcon 9 inayoelekea huko hupewa sekunde moja ya kuruka. Ikipitwa na sekunde hiyo, shughuli ya siku hiyo imekwisha. Ikiahirishwa hadi kesho yake, nafasi mpya huja mapema zaidi kwa dakika kama 20 hadi 25, na mtu anayerudi saa ileile ya jana hukuta moshi peke yake.

Kuhusu hali ya hewa, usishangae roketi ikizuiwa chini ya mawingu ambayo kwa macho hayana madhara. Apollo 12, safari ya kwenda mwezini, iliporuka tarehe 14 Novemba 1969 ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza, na radi hiyo iliamshwa na roketi yenyewe pamoja na moshi wake uliokuwa njia ya umeme. Machi 1987 roketi ya Atlas-Centaur iliangamia kwa sababu hiyohiyo. Sheria za mawingu zilizopo leo zimetokana na matukio ya namna hiyo, na pepo za juu au chombo cha majini kilichoingia eneo lililofungwa huweza pia kusitisha kila kitu. Kwa maoni yangu, anayesafiri kwa ajili ya roketi moja apange angalau siku tatu, la sivyo anacheza bahati nasibu.

## Uliona mng'ao, kisha hukuona kitu

Ikiwa ulikuwa mbali, huenda ulitazama mahali sahihi kwa wakati usio sahihi. Mviringo wa dunia huficha sehemu ya chini ya safari: kwa mtazamaji aliye umbali wa kilomita 300, kwenye eneo tambarare, roketi huanza kuonekana ikiwa imefikia kimo cha kilomita 7 hivi, jambo linaloweza kuchukua dakika nzima; kwa aliye umbali wa kilomita 800, kimo hicho ni kama kilomita 50, na dakika mbili huwa zimepita. Watu wengi hukata tamaa ndani ya dakika hizo mbili, wakakunja vitu vyao na kuipa mgongo roketi inayochomoza nyuma yao. Roketi iliyofika kilomita 100 juu inaweza kuonekana kutoka zaidi ya kilomita 1,000, ilimradi upeo wa macho uwe safi na giza litoshe.

Ikiwa ulikuwa karibu kiasi lakini uliipoteza, chanzo huwa ni mwelekeo. Kutoka Florida, satelaiti nyingi zinazokwenda kwenye mzingo wa juu wa ikweta hurushwa kuelekea mashariki juu ya bahari, ilhali vyombo vya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho mzingo wake umeinama nyuzi 51.6, huelekea kaskazini-mashariki sambamba na pwani. Kutoka Vandenberg, California, safari nyingi za mzingo wa ncha za dunia huelekea kusini. Ujue mwelekeo huo kabla ya kuchagua mahali pa kusimama, kwa sababu mti mmoja au jengo moja upande usiofaa laweza kukunyima nusu ya safari. Kwa darubini, 7x50 au 10x50 zinatosha (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita). Yenye nguvu zaidi ya hapo, ikishikwa kwa mkono, hukuza zaidi mtetemo wa mkono wako.

## Moto umekuwa doa jeupe lisilo na umbo

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, hasa usiku, na chanzo chake ni kuiachia kamera iamue. Kipima mwanga huona anga jeusi lililojaa fremu, huhitimisha kwamba mwanga ni mdogo, huongeza. Kisha injini zinawaka na kila kilicho karibu na moto kinaungua. Ukiona histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha, imebanwa ukutani upande wa kulia, na jukwaa la kurushia linasomeka kana kwamba ni adhuhuri, basi umeshapata chanzo. Tiba ni kupanga kila kitu kwa mkono, kwa kuupima moto utakaokuja na si giza lililopo sasa.

Kwa lenzi ya masafa marefu mchana wenye jua, anza na f/8, ISO 200 na kasi ya sehemu 1 ya 1,600 ya sekunde. Picha itakuwa na giza kidogo kuliko kipima mwanga kinavyotaka, na giza hilo ni la makusudi. Usiku, kwa roketi inayotumia mafuta ya taa yaliyosafishwa, anza na f/8, ISO 400 na sehemu 1 ya 1,000. Haya ni mahali pa kuanzia tu, kwani umbali, unyevu wa hewa na lenzi yenyewe vitayabadilisha.

Mahali ambapo hata wenye uzoefu hukosea ni kwenye fueli. Mafuta ya taa yakiungua hutoa chembe za masizi zinazong'aa rangi ya manjano na chungwa, na huo ndio moto wa Falcon 9 ambao wengi wameuzoea. Fueli yabisi ina unga wa alumini ndani yake. Chembe zake zikiungua hung'aa kwa weupe mkali unaozidi moto wa mafuta kwa kiasi kikubwa. Haidrojeni huungua na kuacha mvuke wa maji, hivyo mwali wake ni hafifu, wenye usamawati, na methani hutoa mwali wa buluu na zambarau usio na masizi mengi. Roketi moja inaweza kuchanganya mambo hayo: SLS, roketi ya NASA, iliyoruka usiku wa tarehe 16 Novemba 2022 katika safari ya Artemis I ilikuwa na injini nne za haidrojeni, ambazo moto wake karibu haukuonekana, kando ya vyombo viwili vya fueli yabisi vilivyougeuza usiku kuwa mchana. Mipangilio ya Falcon 9 ikihamishiwa kwenye roketi ya aina hiyo bila kupunguza mwanga angalau hatua mbili (kila hatua hukata mwanga kwa nusu), doa jeupe ni la lazima. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu roketi yoyote lisiwe jina lake wala mzigo wake, bali inachoma nini katika dakika mbili za mwanzo.

Ukiwa na shaka kati ya viwango viwili, chagua chenye giza. Faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, lina uwezo mkubwa wa kufufua vivuli, lakini palipoungua hapana taarifa yoyote ya kufufua. Upangaji wa rangi nao usiachwe kujiendesha, kwa kuwa kamera hubadili rangi kutoka picha moja hadi nyingine kadiri moto unavyoijaza fremu. Uweke kwenye mwanga wa mchana, nao moto utabaki na rangi yake.

## Mstari wa mwanga una kasoro

Picha ya mstari mmoja mrefu wa dhahabu unaopinda kuelekea upeo wa macho hupatikana usiku kwa kuacha shata wazi dakika tatu au nne katika hali ya B, ambayo shata hukaa wazi hadi uifunge mwenyewe. Wengi hudhani kwamba mstari ukiwa hafifu dawa ni kuongeza muda, na ukiungua dawa ni kuupunguza. Sivyo. Roketi haikai mahali pamoja kwenye fremu; kila sehemu ya mstari huchorwa kwa kipande kidogo cha sekunde, kisha moto husogea. Kwa hiyo mng'ao wa mstari huamuliwa na tundu la lenzi na ISO, ilhali mng'ao wa anga na ardhi, ambavyo havisogei, huongezeka kadiri shata inavyokaa wazi. Mtu akishalielewa jambo hili moja, nusu ya matatizo ya picha za mstari hutatuka yenyewe.

Tuseme mstari umeungua na anga ni nzuri: ziba tundu, kutoka f/11 hadi f/16. Mstari ni hafifu na anga ni nzuri: fungua tundu, kisha fupisha muda ili anga isizidi. Mstari ni mzuri lakini anga imekuwa nyeupe au ya rangi ya chungwa, yaani mwezi, taa za mji au mabaki ya machweo vimeingia: usiguse tundu, punguza muda. Ikiwa muda hauwezi kupunguzwa bila kuukata mstari, piga picha nyingi za sekunde 20 au 30 mfululizo na uziunganishe kwenye kompyuta kwa kuchukua sehemu zenye mwanga zaidi za kila picha. Ubaya wa njia hiyo ni vikato vidogo kwenye mstari pale shata ilipofunga na kufungua tena. Kadiri kamera inavyokuwa na haraka, ndivyo vikato vinavyopungua.

Pa kuanzia kwa ISO 100 ni f/16 kwa roketi ya mafuta ya taa na f/22 kwa yenye vyombo vya fueli yabisi. Ningependelea, lakini, kutumia kichujio cha kupunguza mwanga pamoja na f/11 kuliko kufika f/22, kwa sababu tundu dogo mno hutawanya mwanga na kulainisha picha nzima.

Kuna pengo moja kwenye mstari ambalo si kosa lako. Injini za hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini ya roketi, zikizima, roketi hutengana na kuelea sekunde chache bila moto kabla injini ya hatua ya pili haijawaka. Kwa Falcon 9 hilo hutokea kama dakika mbili na nusu baada ya kuruka. Usiliunganishe kwenye kompyuta, maana ni sehemu ya kumbukumbu ya kweli ya safari. Kama hatua ya kwanza inarudi kutua nchi kavu, hushuka dakika ya nane hivi, na moto wa kutua unahitaji picha yake ya pili iliyofunguliwa upya.

Na hapa ndipo kamera nyingi huwaangusha wenyewe. Kama chaguo la kupunguza chembechembe katika picha za muda mrefu limewashwa, kamera ikishafunga shata baada ya dakika nne itapiga picha nyeusi ya dakika nne nyingine kwa ajili ya kusafisha ile ya kwanza, na wakati huo haitasikia amri yoyote. Dalili yake ni kamera iliyoganda huku roketi ikirudi kutua. Zima chaguo hilo nyumbani.

Ikiwa mstari umetoka nje ya fremu kwa juu, simamisha kamera wima. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24) huona nyuzi 74 kwenye upande wake mrefu na nyuzi 53 tu kwenye ule mfupi, na roketi iliyo karibu huzipita nyuzi 53 upesi.

## Picha haina makali

Neno hili moja hubeba magonjwa manne au matano, na kila moja lina tiba inayoweza kuwa sumu kwa jingine. Tafuta kwanza kitu kisichosogea kwenye picha: taa ya mnara, nguzo, nyota.

Kama kila kitu ni laini kwa kiwango kilekile katika picha zote, fokasi ilikosewa. Fokasi ya kujiendesha ikikutana na giza huhangaika mbele na nyuma, na moto unapowaka huweza kushika ukingo wa moshi badala ya chombo. Lenga mapema kwa mkono, ukikuza picha ya moja kwa moja kwenye skrini hadi mwisho, ukitumia taa za jukwaa au nyota angavu, kisha bandika utepe juu ya pete. Usiizungushe pete hadi mwisho wa alama ya umbali usio na kikomo ukadhani umefika. Lenzi nyingi huvuka hapo kwa makusudi. Fokasi iliyolengwa mchana ipimwe tena usiku, kwa kuwa lenzi ikipoa hujikunja kidogo, na kwa lenzi ndefu kidogo hicho kinatosha kuharibu kazi.

Kama fokasi ilikuwa sahihi katika picha za majaribio na picha zikaharibika polepole, taa zikizungukwa na mzingo wa ukungu, huo ni umande. Kioo cha mbele cha lenzi hupoteza joto kuelekea anga tupu hadi kikawa baridi kuliko hewa iliyokizunguka, na unyevu ukatua juu yake. Kufuta kwa kitambaa hakusaidii zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni kukitia joto kidogo kioo hicho kwa mkanda wa umeme unaofungwa kwenye lenzi, au hata kifuko cha kupasha mikono kilichofungwa kwa mpira. Jambo linalofanana na hilo hutokea ghafla kamera inapotolewa kwenye gari lenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani: iache ndani ya mfuko wake uliofungwa, nje ya gari, kwa saa moja.

Taa zikiwa vistari vyenye urefu na mwelekeo mmoja, kamera ilitikisika. Upepo ni mshukiwa wa kwanza, lakini chunguza pia ulisimama juu ya nini: jukwaa la mbao au daraja hupeleka kila hatua ya kila mtazamaji hadi kwenye tripodi. Usiinue nguzo ya kati, zima kitulizo cha mtikisiko cha lenzi ikiwa kamera imefungwa kwenye tripodi, na tumia rimoti. Mnara ukiwa na makali lakini roketi haina, basi shata ilikuwa polepole kwa mwendo wa roketi, na sehemu 1 ya 1,000 au haraka zaidi itaponya.

Mwisho, kama kingo zilizonyooka zimekuwa za mawimbi, na mawimbi hayo yanabadilika kutoka picha moja hadi nyingine, kamera yako ni nzima kabisa. Hewa yenye joto lisilolingana juu ya maji, mchanga au lami huupinda mwanga njiani, na hakuna lenzi ya gharama yoyote inayoweza kuunyoosha. Hapa ndipo ninapoona watu wakipoteza fedha nyingi bila faida: hununua lenzi ndefu zaidi, nayo hukuza mawimbi pamoja na roketi. Sogea karibu kama inaruhusiwa, panda juu, chagua roketi ya alfajiri badala ya ya adhuhuri, au ukubali picha pana zaidi inayoonyesha mazingira.

## Roketi ni ndogo kama njiti

Hili ni suala la hesabu tupu. Falcon 9 ina urefu wa mita 70. Kutoka umbali wa kilomita 20, urefu huo huchukua kama nyuzi 0.2 za macho, na lenzi ya milimita 400 kwenye fremu kamili huona nyuzi 5 na kidogo kwenye upande wake mrefu. Roketi itajaza asilimia 4 tu ya picha. Kutoka kilomita 5, lenzi hiyohiyo itaipa asilimia 16. Fanya hesabu hii kabla ya kuondoka, na ikikuambia njiti, panga picha ambayo njiti hiyo ina kazi ndani yake: maji yanayoakisi moto, watu waliosimama, mawingu yanayowaka kwa ndani. Ukiwa karibu, tatizo hugeuka: acha nafasi kubwa juu ya roketi, kwa maana itaihitaji.

## Taa ya pili imetokea angani

Nukta au mpinde wa kijani unaokaa mkabala na moto, upande wa pili wa kitovu cha picha, ni mwakisiko ndani ya lenzi, na karibu kila mara umezidishwa na kichujio cha kulinda kioo. Kiondoe usiku. Hakuna zaidi ya hapo.

## Kamera ilinyamaza katikati

Mpigapicha aliyeanza kubonyeza kwa kasi ya picha 10 au 20 kwa sekunde mara tu alipoona cheche huijaza kumbukumbu ya muda ya kamera ndani ya sekunde chache, na roketi huanza kuuacha mnara wakati kamera bado inamwagia kadi picha za moshi. Saa zilizohifadhiwa kwenye faili zitakuonyesha pengo hilo. Tumia kadi yenye kasi, lakini zaidi ya hayo piga kwa mafungu mafupi. Betri nayo iwe mpya baada ya kila kuahirishwa, hata kama inaonyesha nusu.

## Kamera iliyoachwa karibu na jukwaa haikupiga

Wapigapicha wenye vibali huacha kamera karibu na jukwaa siku moja kabla, zikiamshwa na kifaa kinachosikia kishindo cha injini. Isipopiga kabisa, kuna uwezekano kamera ililala na kifaa hakikuiamsha. Kipange kiiamshe kwanza kisha kipige. Ikipiga picha mamia ya anga tupu, kifaa kiliitikia upepo au radi, kwa hiyo punguza usikivu wake. Ifunike kwa mfuko wa plastiki, maana moshi wa fueli yabisi hubeba asidi ya haidrokloriki, na ifunge tripodi ardhini kwa vigingi. Kukaa mbali zaidi hakuhakikishi usalama: tarehe 22 Mei 2018 huko Vandenberg, kamera ya Bill Ingalls, mpigapicha wa NASA, iliyeyuka kwa moto wa nyasi uliotokana na kurushwa kwa roketi, ilhali nyingine zake zilizokuwa karibu zaidi na jukwaa hazikudhurika. Kadi ya kumbukumbu ilinusurika.

## Simu imetoa mpira wa mwanga, na video imepasuka sauti

Futa lenzi, usikuze picha kwa vidole, bonyeza skrini kwa muda mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha shusha mwanga hadi mandhari iwe karibu nyeusi. Kwa simu, video huwa na manufaa kuliko picha. Sauti ikipasuka, kipaza sauti kilikuwa kimeongezewa nguvu na kimya kilichotangulia. Pale programu inaporuhusu, shusha kiwango mapema.

Kama sauti inaonekana imechelewa, usiisahihishe bila kufikiri. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa kila sekunde 3, hivyo aliye umbali wa kilomita 12 huitazama roketi ikipanda kimyakimya kwa sekunde 35 kabla ngurumo haijamfikia. Kimya hicho ni kitu kizuri sana kukisikia, na kwenye video ningekiacha kilivyo.

## Uliondoka, kisha anga likawaka

Roketi inayoruka kati ya dakika 30 na 60 hivi baada ya machweo, au kabla ya mawio, huacha ardhi yenye giza na kuingia kwenye mwanga wa jua uliobaki juu. Huko hewa ni nyembamba, gesi za injini hutanuka kwa upana mkubwa, na jua huzipaka weupe na samawati katika umbo linalofanana na mnyama wa baharini aliyejitandaza. Falcon 9 iliyoruka Vandenberg jioni ya tarehe 22 Desemba 2017 ilionekana hivyo katika sehemu kubwa ya California. Uzuri huo huanza dakika kadhaa baada ya roketi kuruka, wakati watu wamekwisha kukunja tripodi. Mipangilio ya mstari haifai hapa: badili hadi ISO 800 au 1,600, tundu lililo wazi, na sekunde moja au mbili kwa kila picha.

## Picha zimetoka, lakini roketi hukuiona

Nimeiweka hii kama dalili kwa sababu ni tatizo la kweli, na mtu hulitambua akiwa njiani kurudi, anapojaribu kukumbuka rangi ya moto na kukuta anakumbuka skrini. Chanzo chake ni kazi nyingi kupita kiasi. Kwa roketi ya kwanza ningemshauri yeyote achague kamera moja na picha moja, ya mstari au ya karibu, asijaribu zote mbili. Aifunge kwenye tripodi, akamilishe fokasi, aweke rimoti yenye saa ianze kupiga sekunde 10 kabla ya kuruka, kisha aondoe mikono. Dakika 20 kabla, azime skrini ya kamera na simu ili macho yazoee giza. Kamera ikishaanza, hakuna kitufe kilichobaki ambacho kubonyezwa kwake kutaifanya picha kuwa bora, na macho yako huru kufuata moto mpaka injini za hatua ya kwanza zizime.